August Sander na Nyuso za Mji wa Cologne

Katika picha moja iliyopigwa mjini Cologne, Ujerumani, mwaka wa 1928, mwanamume mnene mwenye kipara na masharubu amesimama jikoni, amevaa koti refu jeupe, na mbele yake ana bakuli kubwa la kukorogea. Hatabasamu. Anamkazia mtazamaji macho kama mtu aliyekatizwa kazi kwa muda mfupi na ambaye atairejelea punde tu mgeni akiondoka. Aliyepiga picha hii hakuandika chini yake jina la mtu huyo. Aliandika kazi yake tu: mwokaji wa keki.

Mpigapicha huyo, August Sander, aliishi kwa zaidi ya nusu karne akiwapiga picha watu aliokutana nao katika mji wake na katika vijiji vilivyouzunguka, na karibu wote aliwaita kwa kazi zao au kwa nafasi zao katika jamii: seremala, mthibitishaji wa hati, mama wa kijakazi, asiye na kazi. Aliamini kwamba uso wa binadamu, nguo zake na namna anavyosimama huhifadhi historia ya jasho lake na ya tabaka lake, na kwamba nyuso nyingi zikipangwa pamoja kwa utaratibu zitaonyesha sura ya zama nzima. Hata hivyo, alifanya kazi hiyo katika nchi ambayo, katika miaka iyo hiyo, ilitwaliwa na watawala waliopenda mno kuwapanga watu katika makundi. Maisha yake hayawezi kuelezwa bila kuzingatia mipango hii miwili, wa kwake na wa dola, na jinsi ilivyokutana katika studio moja.

Sander alizaliwa tarehe 17 Novemba 1876 huko Herdorf, kijiji cha wachimba madini ya chuma mashariki ya mto Rhine. Baba yake alikuwa seremala wa mgodini, na familia ilikuwa na shamba dogo la kujikimu. Kama ilivyokuwa ada kwa wavulana wa tabaka lake, alipomaliza shule ya msingi aliingia mgodini akiwa angali kijana mdogo. Huko ndiko alikokutana na kamera kwa mara ya kwanza. Mpigapicha mmoja alifika kuupiga picha mgodi huo, na kijana Sander akaagizwa amwongoze na kumbebea vyombo vyake. Alipoitazama mandhari ya kwao kupitia kioo cha kamera, alipata hamu ambayo haikumtoka tena. Mjomba wake alimsaidia kununua vifaa vya kwanza, na baba yake akamsaidia kujenga chumba cha giza cha kusafishia picha.

Baada ya utumishi wa kijeshi mjini Trier, alizunguka miji kadhaa ya Ujerumani akijifunza ufundi katika studio za watu wengine. Mwaka wa 1901 alipata kazi katika studio moja mjini Linz, Austria, na baada ya miaka michache akaimiliki. Mwaka wa 1902 alimwoa Anna Seitenmacher, mwanamke ambaye baadaye aliibeba biashara hiyo mabegani mwake kila mume alipokuwa hayupo. Picha za Sander za wakati huo zilifuata mtindo uliopendwa na matajiri: mwanga uliofifishwa, karatasi zenye umbo la mchoro wa rangi, na wateja walioonekana wazuri kuliko walivyokuwa. Alituzwa kwa picha hizo. Lau angeishia hapo, bila shaka leo asingekumbukwa.

Karibu na mwaka wa 1910 familia ilihamia Cologne, katika mtaa wa Lindenthal. Mji ulikuwa na wapigapicha wengi, na wateja wa kuja wenyewe hawakumtosha mgeni. Sander akawa anafunga kamera kwenye baiskeli na kwenda vijiji vya nyanda za Westerwald, ambako watu walizungumza lahaja aliyokulia. Wakulima wale hawakutaka kupambwa. Walitaka picha ya kutundika ukutani, ya babu aketiye na Biblia mkononi, au ya jamaa nzima mbele ya nyumba. Walivaa nguo za Jumapili, wakasimama wima na kumtazama mpigapicha kwa staha iliyochanganyika na shaka. Sander alitambua kwamba mbinu za Linz hapa hazina kazi. Mtu huyu hahitaji kufichwa kasoro zake, kwa maana mikunjo ya uso wake ndiyo habari yenyewe.

Picha yake inayojulikana zaidi ilitokana na safari hizo. Ni ya mwaka wa 1914. Vijana watatu waliovaa suti nyeusi, kofia na bakora wanapita njia ya matope kuelekea dansini, na wamegeuza vichwa kumtazama mpigapicha. Sander aliwaita wakulima vijana. Utafiti uliofanywa karne moja baadaye umebainisha kwamba vijana hao walikuwa waajiriwa wa mgodi wa chuma wa eneo hilo, na kwamba mmoja wao aliuawa vitani mwaka wa 1915. Hitilafu hiyo ya anwani si jambo dogo. Inadhihirisha udhaifu wa mradi wote: jina la kundi lililochaguliwa na mpigapicha linaweza kuwa si jina ambalo mhusika angejiita.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia Sander aliitwa jeshini, naye Anna akaiendesha studio. Aliporudi mwaka wa 1918, alikuta nchi imeshindwa, mfalme ameukimbia utawala na jamhuri mpya inatambaa. Miaka michache baadaye alianza usuhuba na kikundi cha wachoraji wa Cologne wenye mwelekeo wa kushoto, miongoni mwao Franz Wilhelm Seiwert na Heinrich Hoerle. Hao walichora watu kwa mistari michache iliyonyooka, wakitafuta umbo la mfanyakazi na la bwanyenye badala ya umbo la fulani bin fulani. Sander alizichukua tena picha zake za zamani za wakulima, akazichapa upya kwenye karatasi laini yenye kung'aa, ya aina iliyotumiwa kwa picha za mitambo na majengo. Kila uzi wa koti na kila kinyweleo kikaonekana. Kuanzia hapo aliacha kabisa kuwarekebisha wateja nyuso.

Katikati ya miaka ya 1920 mpango mkubwa ulikuwa umekamilika kichwani mwake. Aliuita Watu wa Karne ya Ishirini. Ulikuwa na makundi saba: mkulima, fundi, mwanamke, matabaka na taaluma, wasanii, mji mkubwa na, mwisho, wale aliowaita watu wa mwisho, yaani wagonjwa, vipofu, wenye ulemavu wa akili na maiti. Kila kundi liligawanywa katika majalada, na kila jalada lilikusudiwa kuwa na picha kumi na mbili. Ni kazi inayofanana na ya mwanasarufi anayezipanga nomino katika ngeli, na kama ilivyo katika ngeli, yapo maneno yanayokataa kukaa mahali yalipowekwa. Mwanamke, mathalani, amepewa kundi lake peke yake, na humo aghalabu anaelezwa kwa mumewe au kwa mwanawe, ilhali mwanamume anaelezwa kwa kazi yake. Kuwaweka wagonjwa na vipofu mkiani mwa orodha, baada ya mji mkubwa, nako kuna ukakasi ambao msomaji wa leo hawezi kuupuuza.

Lakini picha zenyewe ni nyingine, na tofauti baina ya orodha na picha ndiyo inayompa Sander uzito. Alitumia kamera kubwa ya miguu mitatu na mabamba ya kioo, vifaa vilivyokuwa vimeanza kuonekana vya kizamani wakati wenzake walikuwa wakinunua kamera ndogo za mkononi. Bamba lilihitaji kuangaziwa kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo haikuwezekana kumwibia mtu picha barabarani. Ilibidi mpigapicha amsimamishe, azungumze naye, ampe muda wa kuamua atasimama vipi na mikono yake ataiweka wapi. Alipendelea kumpiga mtu mahali pake mwenyewe na mwanga wa kawaida. Mgeni aliyesimama mbele ya lenzi alishiriki katika kuitunga picha yake, na ndiyo maana nyuso hizo hazina lile fadhaiko la mtu aliyenaswa bila habari.

Kijana aliyebeba shehena ya matofali mabegani, wa mwaka wa 1928, amesimama katika giza kama nguzo ya jengo ambalo bado halijajengwa. Hakuna dalili kwamba anaomba kuhurumiwa. Mwaka huo huo Sander alimpiga mtu asiye na kazi, amesimama kwenye kona ya barabara mjini Cologne, kichwa kimenyolewa na kofia ameishika mikononi, nyuma yake ukuta mrefu unaopotelea mbali. Mwaka wa 1929 ni mabondia wawili, mmoja amekunja uso na mwingine anachekelea kana kwamba ameambiwa kichekesho. Mwaka wa 1931 ni katibu wa kituo cha redio cha Cologne, nywele zimekatwa fupi, sigara mkononi, gauni la hariri, na macho yanayompima mpigapicha kama vile yeye anavyompima. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kutenganisha wahusika bapa na wahusika duara atapata taabu hapa. Anwani inamwita kila mmoja kwa jina la kundi, kama mhusika bapa wa ngano, lakini uso ulio juu ya anwani ni wa mtu mmoja asiyelingana na mwingine yeyote.

Mwaka wa 1927 Sander alionyesha sehemu ya kazi hii katika jumuiya ya sanaa ya Cologne, na mwaka wa 1929 akatoa kitabu chenye picha sitini, Antlitz der Zeit, yaani Uso wa Zama. Dibaji iliandikwa na Alfred Döblin, daktari na mwandishi aliyechapisha riwaya ya Berlin Alexanderplatz mwaka uo huo. Döblin aliisifu kazi hiyo kama aina ya sosiolojia isiyotumia maneno. Mhakiki Walter Benjamin aliirejelea mwaka wa 1931, akiiona kama kitabu cha mazoezi: katika nchi ambamo mamlaka yako karibu kubadilika mikono, alihoji, kujua kusoma nyuso za watu ni stadi ya lazima. Katika mwaka huo Sander alitoa mihadhara kwenye redio kuhusu historia na asili ya upigaji picha. Alikuwa na umri wa miaka 54, na mtoto wa seremala wa mgodini alisikilizwa redioni.

Wanazi walitwaa madaraka tarehe 30 Januari 1933. Itikadi yao pia iliuchukulia uso kama hati ya kusomwa, ila wao walisoma damu pale Sander aliposoma kazi. Walidai kuwa pua, rangi ya nywele na umbo la fuvu vinatosha kuonyesha nani ni Mjerumani wa kweli na nani hastahili kuishi naye. Ukilichunguza kitabu cha Sander kwa macho yao, utaelewa kilivyowaudhi. Kina mwanamapinduzi, bwanyenye na watu wa matabaka mengine, wote wamepigwa kwa umbali ule ule na kwa heshima ile ile, na uzuri wa kishujaa uliohubiriwa na dola haupo popote. Mwaka wa 1936 nakala zilizobaki zilinyakuliwa na mabamba ya kuchapia yakaharibiwa.

Wakati huo familia ilikuwa imeshapata pigo kubwa zaidi. Erich, mwana wa kwanza, alikuwa msomi na mwanaharakati wa chama cha kisoshalisti kilichopigwa marufuku. Alikamatwa mwaka wa 1934, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka kumi katika gereza la Siegburg, mwendo mfupi kutoka Cologne. Baba yake alikuwa amemfunza ufundi, na gerezani akafanywa mpigapicha wa gereza. Aliwapiga wafungwa wenzake, akajipiga na yeye mwenyewe, na baadhi ya picha hizo zikavushwa nje kwa siri hadi nyumbani. Sander, ambaye sasa alikuwa anaangaliwa, aligeukia picha za mito, milima na majengo ya kale ya Cologne, mambo ambayo hayakumtia mtu hatiani. Wapo waliomlaumu kwa ukimya huo. Lawama hiyo inasahau kwamba mwanawe alikuwa mateka mikononi mwa watu aliotakiwa kuwapinga.

Hata hivyo studio haikufungwa, na mlango wa studio ni mlango wa kila mtu. Mnamo 1937 na 1938 waliingia watu wa chama na askari wa SS waliotaka picha wakiwa wamevalia sare zao. Sander aliwapiga bila kuwapamba na bila kuwakejeli. Mnamo 1938 waliingia pia Wayahudi wa Cologne. Amri iliyotolewa Julai mwaka huo iliwalazimisha kuchukua vitambulisho maalumu vyenye picha na herufi J, na kufikia Oktoba pasipoti zao nazo zilipigwa muhuri wa herufi hiyo. Aliyetaka kuihama nchi alihitaji picha, na aliyebaki alihitaji picha. Hao walikuwa raia wa mji ule ule, wengine wazee waliozaliwa humo, na sasa sheria ilikuwa imewageuza wageni kwao.

Wanaonekana wameketi kwenye kiti, mavazi nadhifu, bega moja limeelekea dirishani. Mwanga unaowaangukia ndio uliowaangukia maafisa wa SS, na mkono uliofungua lenzi ni ule ule. Serikali ilitaka kipande cha karatasi cha kugonga muhuri. Sander aliwapa walichokijia, lakini alizihifadhi negativu, na katika hizo hakuna hata mmoja aliyefanywa kuwa sampuli ya mbari. Kuna mwanamke aliyechoka, mzee anayejizuia asionyeshe hofu, mwanamume mwenye miwani anayetazama kando. Uhamishaji wa Wayahudi wa Cologne kwa garimoshi kuelekea mashariki ulianza Oktoba 1941.

Mwaka wa 1942, mabomu yalipozidi, Sander alianza kuhamishia negativu zake katika kijiji cha Kuchhausen huko Westerwald, nchi ya wakulima wake wa zamani. Mnamo Machi 1944, ikiwa imesalia miezi michache tu Erich atoke gerezani, aliugua kidole tumbo. Hakutibiwa kwa wakati, akafariki. Alikuwa na miaka 40. Wazazi wake walipata kinyago kilichotolewa kwenye uso wake baada ya kufa, na Sander akakipiga picha. Mwaka huo huo nyumba na studio ya Cologne ziliteketezwa na mabomu. Negativu zilizoachwa katika chumba cha chini ya ardhi zilinusurika vita, kisha zikaangamizwa na moto mwaka wa 1946, baada ya amani kupatikana. Idadi yake ilikaribia 30,000. Alizokuwa amezihamishia kijijini, kiasi cha 10,000, ndizo zilizobaki.

Alikuwa na miaka 70, hana studio na hana mwana aliyemtegemea kuuendeleza mradi kifikra. Akaanza kuupanga upya. Katika kundi la mji mkubwa aliongeza majalada mapya: la wafungwa wa kisiasa, akitumia picha zilizopigwa na Erich gerezani, na la waliodhulumiwa, yaani wale Wayahudi wa 1938. Watu wa chama na wa SS waliwekwa kwenye jalada lao katika kundi la matabaka na taaluma, kama wanavyowekwa mahakimu na wafanyabiashara. Uamuzi huo umezua mjadala, maana kuna anayeuona kuwa ubaridi usiovumilika. Lakini huenda ndio ushahidi mzito kuliko wote. Mhalifu hakutengwa kama zimwi lililotokea mbali. Amepewa nafasi yake katika jamii iliyomzaa, na anayefungua majalada hayo atamkuta yeye na mhanga wake katika kazi moja. Kinyago cha Erich alikiweka katika jalada la mwisho kabisa, pamoja na maiti.

Cologne ilimkumbuka kwa namna yake. Mwaka wa 1953 mji ulinunua mkusanyo wa picha 408 za mitaa yake kama ilivyokuwa kabla ya vita. Mitaa hiyo haikuwapo tena, na picha zikageuka kuwa ramani ya kilichopotea. Edward Steichen, mpigapicha wa Marekani, alimtembelea kijijini na kuchukua baadhi ya picha zake kwa maonyesho makubwa ya mwaka wa 1955 mjini New York. Anna alifariki mwaka wa 1957. Sander mwenyewe alifariki mjini Cologne tarehe 20 Aprili 1964, akazikwa katika makaburi ya Melaten karibu na Erich. Mradi wake haukuwa umechapishwa. Mwanawe Gunther ndiye aliyeutoa kwa umbo la kitabu mwaka wa 1980, na toleo kamilifu zaidi la juzuu saba likatoka mwaka wa 2002.

Tangu hapo watafiti wamefanya kile ambacho Sander hakukifanya: kuwatafutia watu wake majina. Kwa baadhi, kama vijana wa dansini, ilikuwa kazi ya udadisi. Kwa jalada la waliodhulumiwa ilikuwa jambo jingine. Mwaka wa 2018, jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi mjini Paris lilionyesha picha hizo pamoja na zile za Wanazi na za wafungwa, na kando ya nyuso zilizotambuliwa kukawekwa majina na habari za maisha yao. Wapo waliofanikiwa kuvuka mpaka. Wapo waliopandishwa garimoshi na hawakurudi. Katika jalada la Sander wote bado wana anwani moja, na inabidi kusoma orodha ya pembeni ili kujua nani ni nani.